Glavu Nilizozitoa Kwenye Begi Lako

Mwanangu Imelda,

Ukifungua lile begi lako la buluu utakuta glavu hazimo. Usimlaumu mama yako, wala usidhani zimedondoka njiani. Nimezitoa mimi mchana huu, wewe na mama yako mlipokwenda Bombambili kumuaga bibi yako. Nimepekua begi la binti mtu mzima kama mgambo wa sokoni, nikapitisha mkono kati ya nguo zako na soksi za sufu, nikazikuta zimekunjwa ndani ya kiatu. Glavu mpya za gereji, moja umeishonea KUSHOTO kwa uzi mwekundu, nyingine KULIA. Zawadi ya kumpelekea Mtani Filimoni, utakayefikia kwake Iringa. Ushonaji ni mzuri, herufi zimekaa sawa. Nimezifungia kabatini kwangu na ufunguo uko mfukoni mwangu.

Mambo ya sweta, ya kutokula chipsi kila siku, ya kufunga mlango kwa komeo na ya wanaume wa ugenini, mama yako ameyasema wiki nzima na mengine ameyarudia, kwa hiyo mimi siyagusi. Nina jambo moja tu, na ni bovu. Naliandika kwa sababu nikilianza kwa mdomo nitalitia utani, najijua, na utani ndio uliolilea jambo hili mpaka likakaribia kuwa na umri wako.

Umekua ukiambiwa kwamba baba yako alikuwa dereva wa mbio za magari. Tuliweke sawa hilo kwanza. Nilikuwa dereva wa ofisi. Jumatatu hadi Ijumaa nilimwendesha bosi kutoka Songea kwenda Mbinga, kutoka Mbinga kurudi Songea, kesho yake Namtumbo, mwendo wa msafara wa mazishi, yeye amelala kiti cha nyuma mdomo wazi. Nilifungua mlango, nikafunga mlango, nikabeba mafaili, nikangoja nje ya mikutano nikipiga soga na madereva wenzangu kuhusu magari ambayo hatukuwa nayo. Jumamosi, mara nne au tano kwa mwaka, ndipo nilipovaa ovaroli nyeupe nikawa bingwa. Bingwa wa Jumamosi. Jumatatu asubuhi bosi ananiuliza kama nimeosha gari.

Ile picha ya sebuleni, nimeshika kikombe, ambayo ulikuwa unawaonyesha wenzako wa shule, nayo niiseme. Siku ile yalikuja magari manne. Moja liligoma kuwaka hata kabla bendera haijashushwa. Kati ya matatu yaliyobaki mimi nilikuwa wa tatu. Ovaroli niliazima kwa fundi rangi, ndiyo maana mkono mmoja nimeuficha nyuma, ulikuwa na madoa ya kijani. Kikombe chenyewe ni plastiki iliyopakwa rangi ya dhahabu, na mama yako alijaribu kuwekea maua siku moja, kikavuja.

Washabiki ndio usiseme. Watu walinibeba juu juu pale stendi kama nimerudi kutoka vitani. Nilichukua muda mrefu kuelewa kwamba mtu hasimami juani kwa saa tatu, vumbi linamwingia masikioni, ili amwone mwenzake akifika salama. Wanakuja kuona gari likipinduka. Lisipopinduka wanakupigia makofi, lakini ukiwatazama usoni utaona wamevunjika moyo kidogo. Mimi niliwapenda watu hao kuliko nilivyompenda mke wangu, na hilo nalo nalisema kwa sababu ni kweli.

Halafu kulikuwa na mfadhili. Alikuwa mfanyabiashara wa mabati na misumari hapa mjini, sitamtaja, amekwisha kufa. Jina lake liliandikwa kwenye milango yote miwili ya gari, kubwa kuliko langu. Alitoa gari, tairi na mafuta, na alikuwa na tabia ya kunipigapiga mgongoni kama mtu anayemkagua ng'ombe. Siku ya kwanza alinikalisha dukani kwake mbele ya wateja akaniambia, "Kasiani, mimi natoa gari. Sitoi msamaha. Siku ukilipindua kwa kosa lako, weka funguo mezani uende zako." Wateja wakacheka. Nikacheka nao. Ningekuwa na mkia ningeutikisa.

Sasa Filimoni. Wewe unamjua kama kichekesho cha nyumba hii, kwa hiyo naanza upya kana kwamba hujawahi kumsikia.

Alikuwa mwalimu wa hisabati wa shule ya msingi, ameletwa Songea na serikali kutoka kwao Iringa, Mhehe wa kweli kweli, mtani wetu sisi Wangoni. Nilimwona mara ya kwanza kwenye msiba wa babu yako. Sisi tumekaa chini tunalia, akaingia mtu mwembamba ambaye hakuna aliyemwalika, akaenda moja kwa moja ndani, akatoka amevaa koti la marehemu. Akatembea uani vile babu yako alivyokuwa akitembea, kifua mbele, mkono mmoja kiunoni, akifoka kuhusu kuku walioingia kwenye mahindi. Bibi yako, ambaye alikuwa hajala siku mbili, alicheka mpaka akashika mbavu, kisha akaomba uji. Ndivyo watani wanavyotakiwa kufanya msibani na yeye aliijua kazi yake. Baadaye alikataa kuvua koti mpaka tumpe jogoo. Nilimpenda tangu siku ile. Sikuwahi kumwambia, na wanaume wa hapa hawaambiani, lakini nilimpenda kama ndugu.

Nilimchukua awe msoma ramani wangu kwa sababu ya mwandiko wake. Kuendesha hakujua, hata baiskeli ilimsumbua. Lakini siku mbili kabla ya mbio tulipita njia yote polepole, mimi nikisema, yeye akiandika kila kona, kila shimo, kila daraja, kwenye daftari la shule lenye mistari, mwandiko ule ule wa ubaoni. Siku ya mbio, dereva haoni kitu zaidi ya vumbi na mita chache za barabara. Anayeiona njia ni huyo wa kiti cha pili, kichwa kimeinama, anasoma. Tulitukanana njia nzima. Yeye aliniambia babu yangu alimkimbia babu yake vitani akaacha hadi ngao. Mimi nilimwita mla mbwa, kama Wahehe wote wanavyotaniwa. Lakini tulikuwa na sharti moja, na sharti hilo alilitia yeye. Kofia za mbio zikishafungwa kidevuni, utani unakoma. Anachosema ndani ya kofia ni njia tu, na mimi natii.

Kwa hiyo ukisikia mtu anasema baba yako alidhani ni utani, ujue ni uongo. Nimejaribu mwenyewe kujiambia hivyo na imeshindikana.

Siku yenyewe ilikuwa njia ya vumbi upande wa Peramiho, katikati ya mashamba. Kuna mahali barabara inashuka, inapita nguzo ya umeme, kisha inakata kushoto ghafla kabla ya daraja la magogo. Juzi yake tulisimamisha gari pale nikashuka mwenyewe. Mvua ilikuwa imekula ukingo. Mimi, kwa kinywa changu, nikamwambia aandike: kushoto kali, breki kabla ya nguzo, ukingo umeliwa. Akaandika, akapigia mstari mara mbili.

Tatizo ni kwamba watu wa Bombambili walichagua kusimama pale pale. Karibu mtaa mzima. Na mama yako alikuwepo, wewe ukiwa mgongoni. Niliwaona kwa mbali ile rangi ya khanga na miavuli, na nikataka kupita mbele yao gari limelala ubavu, vumbi juu, kama nilivyoona wakifanya kwenye kanda za video. Filimoni akasoma, mahali panapotakiwa, sauti ya darasani: "Kushoto kali. Breki kabla ya nguzo. Ukingo umeliwa." Nilisikia kila neno. Sikufunga breki. Akasema mara ya pili, "Breki, Kasiani." Jina langu hakuwahi kulitumia tangu tujuane, siku zote nilikuwa Mngoni. Na hilo nililisikia.

Gari lilibingirika mara mbili na kukaa kwenye mahindi, upande wa Filimoni ukiwa chini. Mimi nilitoka na mchubuko wa kiwiko. Yeye mguu ulikuwa umegeukia upande ambao miguu haigeukii.

Wakamchukua kwenda hospitali ya misheni pale Peramiho. Mimi nikabaki na gari, na nilichofanya kabla ya jambo lolote, kabla hata ya kumtafuta mama yako, nilitoa daftari chini ya kiti. Kulikuwa na choo cha shimo cha shule jirani. Nilikwenda kama mtu aliyebanwa, nikalitumbukiza.

Waandaaji walikuwa wameweka meza chini ya turubai. Mzee mmoja mwenye kalamu ananiuliza nini kimetokea. Mfadhili amesimama nyuma yake, mikono kifuani, ananitazama. Nikasema, "Msoma ramani kasema kulia." Kalamu ya mzee ikasimama, nadhani hawakuniamini, maana pale kulia kwenyewe ni shamba. Nikaona kalamu ile itanimaliza, nikaongeza, "Si mnawajua Wahehe."

Wakacheka. Mfadhili alicheka. Yule mzee alicheka huku anaandika. Mambo yakaisha pale. Imelda, umewahi kunitazama kwa dharau mara mbili tatu maishani mwako, nakumbuka zote, na kila mara nilijisemea kwamba huyu mtoto hajui hata nusu.

Nilikwenda kumwona baada ya siku nne, nimebeba ndizi. Walikuwa wamemfanyia upasuaji, mguu umeninginizwa. Habari zilikuwa zimemfikia kabla yangu, maana wageni wote waliomtembelea, walimu wenzake, majirani, waliingia wodini na utani ule ule. Akaniuliza taratibu, "Mngoni, kumbe nilisema kulia?"

Nafasi ilikuwa ile. Wodi nzima ilikuwa na sisi wawili na babu mmoja kiziwi. Nikamjibu, "Ulisema kulia, mla mbwa wewe, umetuua."

Alinitazama kwa muda wa kumenya ndizi moja, kwa sababu ndizi alikuwa anaimenya na aliimaliza. Kisha akacheka. "Basi," akasema, "nilisema kulia."

Wewe umezaliwa na kukulia ndani ya utani, unaijua sheria yake. Mtani akikutukana ukanuna, wewe ndiye uliyekosa. Watu watakushangaa, watakuuliza unatoka kabila gani wewe usiyejua kutaniwa. Hakuna mahali pa kushtaki. Angenishika shati pale wodini, angesema mwongo mkubwa wewe, watu wangesema Filimoni mguu umempanda kichwani, mtani anamtania yeye anachukia. Mimi nilijua hivyo. Wezi huficha mali kwenye nyumba za watu masikini kwa sababu hakuna anayekagua huko, na mimi uongo wangu niliuweka ndani ya utani, mahali ambapo anayesingiziwa haruhusiwi hata kuukunjia uso.

Aliporudi shuleni alikuwa anatembelea fimbo. Mwalimu wa hisabati. Watoto ni watoto. Akigeukia ubao, mmoja anauliza kutoka nyuma, "Mwalimu, mkono wa kulia ni upi?" Darasa linaangua kicheko. Akiingia sokoni, wauza nyanya wanamwelekeza: kulia mwalimu, hapana, kushoto mwalimu. Timu nyingine ya mbio, ya watu wa Mbeya, ilikuwa imemwomba msimu ule akawasomee ramani, wakatuma ujumbe kwamba wamepata mwingine. Mwaka haukuisha akaomba uhamisho kurudi kwao.

Mimi ndiye niliyempeleka stendi, kwa gari la ofisi, nikambebea sanduku. Watu wamejaa. Akapanda ngazi ya basi kwa shida, mguu mmoja mmoja, na mimi, kwa sauti ili kondakta na abiria wasikie, nikasema, "Usipotee mtani, Iringa ni kushoto." Basi zima likacheka. Nilitegemea anirudishie. Miaka yote hakuwahi kukosa jibu. Akageuka, akanipa mkono, akasema, "Msalimie mama Imelda." Akaenda kukaa.

Na nilichokinunua kwa hayo yote nakuambia ili usije ukadhani kilikuwa kikubwa. Mfadhili alinipa gari jingine. Nilikimbia msimu mmoja na nusu. Nikawa wa tano, nikawa wa nne, mara mbili sikumaliza. Kisha yeye akachoka na magari, akahamishia fedha zake kwenye timu ya mpira ambayo nayo ilishuka daraja. Siku alipoliuza gari hakunipigia hata simu, nililiona mjini limebeba magunia ya mkaa, jina langu bado liko ubavuni.

Ila hilo si baya kuliko yote. Baya kuliko yote nililifanya hapa nyumbani, kidogo kidogo, bila mfadhili kunitazama. Ulipokuwa unajifunza kuvaa viatu, ukivigeuza, nilikuwa nasema, "Umekuwa Filimoni." Ukimwaga chumvi mahali pa sukari, umekuwa Filimoni. Kaka zako wakikosea njia, akina Filimoni hao. Jina la mtu aliyefanya kazi yake vizuri kuliko mimi nimeligeuza kuwa jina la kosa, na wanangu wamekua wakilitumia hivyo, na wajukuu zangu wangelitumia. Kila mara nililisema nikicheka, na kila mara lilizidi kuwa rahisi.

Wiki iliyopita mama yako alipompigia simu kuuliza kama unaweza kufikia kwake mpaka upate chumba karibu na gereji, aliweka sauti ya juu, sote tukasikia. Unakumbuka alivyojibu. "Binti wa Mngoni aje. Chumba kipo, mke wangu keshafua mashuka. Ila mwambieni aje na subira, mimi ndiye yule asiyejua kulia na kushoto." Wewe ulicheka mpaka ukashikilia meza. Mimi nilicheka kukuzidi. Mama yako hakucheka, alikuwa anageuza mboga. Miaka ishirini, Imelda, na bado anaubeba ule uongo wangu, tena anaufungulia mlango mwenyewe ili mimi nisione haya. Kesho yake ukaenda kununua uzi mwekundu.

Nilikuona unashona pale barazani, ulimi nje, unapiga mluzi. Nikafikiria utakavyozitoa hizo glavu mbele ya mke wake na watoto wake. Angezivaa. Ninamjua, angezivaa palepale, angenyoosha mikono juu, angewachekesha wote. Nilisimama mlangoni sikuweza kukuambia uache.

Jana nilimwambia mama yako. Alikuwa anachambua maharage. Nilimweleza yote, daftari, meza, wodi. Hakuacha kuchambua. Nilipomaliza akasema, "Nilikuwa nimesimama pale kwenye nguzo, Kasiani. Nilikuona uso. Mtu aliyeambiwa kulia hachekelei watu." Nikamuuliza kwa nini hakuwahi kusema. Akasema, "Nilikuwa nangoja nione utafika wapi." Nakuapia sijawahi kutukanwa na mtani yeyote kama nilivyotukanwa na sentensi ile, na maharage hakuyaacha.

Wewe unakwenda kuwa fundi, na Jumamosi unataka kukimbia. Sikukatazi. Unaendesha vizuri kuliko nilivyowahi kuendesha, nilishaliona hilo uliposhusha pikapu ya mjomba wako ile njia ya utelezi na nikakaa kimya kwa wivu. Watu watakuambia mbio ni ujasiri. Waache waseme, wengi wao hawajawahi kuingia ndani ya gari la mbio. Dereva ana usukani, ana breki, ana dirisha. Wa kiti cha pili hana hata kimoja. Ameinamisha kichwa, anasoma, na uhai wake ameuweka kwenye mguu wa mtu mwingine. Ukimpata wako, akikuambia funga, funga. Na siku ukikosea, maana utakosea, sema siku ileile, mezani palepale, hata kama anayekutazama ameshika funguo. Ukilala nalo usiku mmoja linakuwa gumu. Ukikaa nalo mwaka linakuwa hadithi ya kuchekesha, na hapo ndipo huwezi tena kulitoa, kwa sababu watu wameizoea na wanaipenda.

Nilikuwa nimeandika barua nyingine, ya kwake, ili uibebe. Nusu ukurasa. "Endapo kwa namna yoyote nilikukosea." Nimeisoma na nimeona ni ya mwoga. Nilimsomea mama yako, akauliza, "Unampa mtoto abebe?" Basi. Nawajua watu wa aina hiyo, mji huu umejaa wazee wanaotuma watoto na kuku mmoja kwenda kuomba radhi, wao wamebaki nyumbani wameegemea kiti. Angekusamehe, maana wewe ni mtoto na hujafanya kitu, na mimi ningeupokea msamaha huo kwa simu, nikashukuru, nikazima. Hapana. Daftari nililitumbukiza chooni. Ushahidi pekee uliobaki duniani kwamba mtu yule alisema kushoto ni mdomo wangu, na hauwezi kutumwa kwa basi.

Kwa hiyo nimekata tiketi mbili. Wewe una kiti cha dirishani huku mbele, mimi niko kule nyuma karibu na matairi. Barua hii nitakupa basi likishatoka stendi. Usigeuke kunitazama, isome yote, una muda. Filimoni hajui kwamba nakuja, na akitaka kunifukuza mlangoni kwake nitakuwa nimesema kabla hajafunga, mbele ya mkewe na watoto wake, na kesho yake nitakwenda kusema shuleni kwake, na nikirudi Songea nitasema hapa, nyumba kwa nyumba, mpaka watu wakinichoka wapate la kucheka jingine.

Njombe basi linasimama, watu wanashuka kula. Nitakaa meza ya pembeni. Ukiona bado unaweza kukaa na mimi, agiza chai mbili. Ukiona huwezi, agiza moja, unywe, urudi kwenye kiti chako. Iringa nitashuka vilevile.

Baba yako,
Kasiani